Siku Babu Mafua Aliponyamaza

Kila asubuhi kabla ya kengele ya paredi, Penina Tluway alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Alifungua madirisha, akafuta vumbi jekundu lililopenya usiku, akaondoa vitambaa vilivyofunika mashine, kisha akaziwasha moja baada ya nyingine. Karatu ina vumbi la kutosha kugawia mikoa mingine, na kompyuta hazilipendi hata kidogo. Mwalimu Lukresia, aliyefundisha somo la kompyuta, alikuwa amemteua Penina kuwa kiranja wa chumba hicho, na akamkabidhi kikaratasi chenye neno la siri la kuendeshea mashine zote. Penina aliamini ameteuliwa kwa sababu ya akili zake. Mwalimu alimteua kwa sababu alikuwa hachoki kufuta.

Kompyuta iliyokaa karibu na dirisha ilikuwa tofauti na nyingine. Ilikuwa inaongea. Hiyo ndiyo aliyoitumia Metui.

Metui alisoma darasa la sita pamoja na Penina. Kwao ni Kakesio, kwa wafugaji, na alikaa bwenini. Alipokuwa mdogo aliugua surua, na ilipoondoka ikaondoka na macho yake. Alisoma kwa nukta nundu, zile alama za vitone zinazosomwa kwa vidole, na tangu mwaka uliopita akaongezewa kompyuta. Alipobonyeza herufi, mashine iliitamka. Alipomaliza sentensi, ilimsomea yote tangu mwanzo ili asikie kama amekosea. Sauti yake ilikuwa ya puani na kavu, ya mtu aliyelala nje wakati wa ukungu wa Juni. Darasa zima liliiita Babu Mafua.

"Babu kaamkaje leo?" Penina aliuliza kila asubuhi.

"Ana nafuu," Metui alijibu, "ila bado hawezi kusema ng'ombe. Anasema 'nigombe'. Huko kwetu mtu wa namna hiyo hapewi maziwa."

Ungemwona Metui akiandika ungesahau kazi yako. Vidole vyake vilijua mahali pa kila herufi, na alikuwa amemfundisha Babu Mafua kuongea haraka kiasi kwamba wengine walisikia mlio tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Metui alisikia kila neno. Akikosea, kidole kilirudi nyuma, kikafuta, kikasahihisha, na bado aliwatangulia wenye macho yao mawili.

Wiki hiyo ilikuwa muhimu kwake. Siku ya Ijumaa angekuja mgeni kutoka wilayani, Bwana Josephati, kutazama kama kweli Metui anaweza kuandika na kusahihisha kazi yake mwenyewe. Akiridhika, Metui angefanya majaribio yote kwa kompyuta, ndani ya darasa, saa ileile na wenzake. Mpaka wakati huo alikuwa akisubiri ofisini hadi apatikane mwalimu wa kumsomea maswali na kumwandikia majibu. Mara nyingine alisubiri mpaka wenzake wamemaliza kula makande. Na kuna wakati mwalimu aliyechoka aliandika neno ambalo Metui hakulisema.

"Nataka nikikosa, niwe nimekosa mimi," Metui alimwambia Penina. "Na nikipata, iwe ni mimi."

Sasa, Mwalimu Lukresia alikuwa na mapenzi makubwa na kile kioo cheusi cha amri, kisicho na picha wala rangi. "Wengine wanabofyabofya vipicha," alizoea kusema. "Mimi naongea na mashine, na inanijibu." Jumatatu aliwafundisha namna ya kuweka na kuondoa programu kwa kuandika amri tu. Alisema kila programu husafiri ndani ya kifurushi.

"Cha wiki au cha mwezi, mwalimu?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko, kwa maana kila mtu alijua kifurushi ni kile cha intaneti kinachoisha kabla hujamaliza kutazama video.

Mwalimu naye alicheka. "Hiki hakiishi muda. Kinakaa kwenye ghala, huko mtandaoni. Ukiandika amri ya kukileta, kinakuja. Ila mjue jambo moja. Kila kifurushi kina vitegemezi vyake, na hapo ndipo watu wengi..."

Kengele ya chakula ikalia. Harufu ya makande ilikuwa imeshaingia darasani muda mrefu, na hakuna mwalimu anayeweza kushindana nayo. Sentensi ya Mwalimu Lukresia ikabaki hewani.

Penina aliondoka na neno hilo kichwani: vitegemezi. Hakuona haja ya kuelezwa zaidi, kwa sababu nyumbani alilisikia karibu kila jioni. Baba yake, Mzee Adrian, alilima ngano na mbaazi upande wa juu wa mji. Kila alipopigiwa simu na ndugu mwenye shida, alishusha pumzi ndefu na kusema, "Ndugu yangu, ningependa kukusaidia, lakini nina wategemezi wengi." Halafu aliwatazama Penina na wadogo zake wakila. Kwa hiyo Penina alijua kabisa maana yake. Mtegemezi ni yule anayekula bila kuleta.

Jumanne baada ya vipindi, Penina alipata wazo zuri. Angetengeneza bango la kumkaribisha Bwana Josephati, lenye herufi kubwa za rangi na picha ya kompyuta inayoongea. Alihitaji programu ya kuchorea. Printa ya shule ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ya Metui peke yake, basi akakaa hapo. Akaandika amri kama alivyofundishwa. Mashine ikajibu kwamba nafasi haitoshi.

Penina alikunja uso. Nani anajaza nafasi yote hii? Akaiambia mashine imwonyeshe habari za programu inayomsomea Metui, ile ambayo jina lake kwenye amri ni orca. Chini ya jina hilo yakatokea majina mengine marefu yenye vistari na tarakimu, na juu yake neno la Kiingereza ambalo mwalimu aliwaambia ndilo vitegemezi.

"Kumbe!" Penina alisema peke yake. "Babu Mafua mmoja, na wote hawa wamemning'inia! Wanakula nafasi ya bure."

Akaandika amri ya kuviondoa viwili vya kwanza. Mashine haikuviondoa mara moja. Iliandika kwanza, kwa Kiingereza, mistari kadhaa ya vitu vitakavyoondoka pamoja navyo, na katika mstari wa pili jina la orca lilikuwepo, limekaa wazi kabisa. Kisha ikauliza kama aendelee. Penina aliona herufi ya "ndiyo" mwishoni, naye alikuwa na haraka. Akabonyeza.

Nafasi ikapatikana. Akaanza kuleta programu ya kuchorea. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na ilipofika nusu ikakwama, kwa sababu kifurushi cha intaneti kwenye modemu ya shule kilikuwa kimekwisha. Kifurushi kilikuwa kimemaliza kifurushi. Penina alizima mashine, akaifunika vizuri kwa kitambaa chake, akaenda nyumbani akiwa hana bango.

Jumatano mapumzikoni Metui alikaa kwenye kiti chake kama kawaida. Alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Alipapasa waya wa spika mpaka mwisho, akazungusha kirungu cha sauti, akainama akaweka sikio karibu.

"Babu?" aliita kwa sauti ndogo.

Penina alikuwa mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi. Hapo hapo alielewa nani amemnyamazisha Babu Mafua, ingawa hakuelewa kwa vipi. Hakuwa amemgusa yeye mwenyewe. Aligusa vitegemezi tu.

"Labda ni spika," alisema.

"Labda," Metui alijibu.

Kama Penina angesema kweli wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi sana. Lakini alifikiria neno la siri alilokabidhiwa, akafikiria uso wa Mwalimu Lukresia, akaamua kwamba atarekebisha kimyakimya kabla ya Ijumaa. Baada ya vipindi aliiuliza mashine habari za orca, ikajibu kwamba haipo tena, naye akashuka mbio hadi mjini, kwenye steshenari ya dada Zuleha. Zuleha alitengeneza kompyuta za nusu ya mji, akichapa barua za watu kwa mkono mmoja na kufungua mashine iliyoharibika kwa mkono mwingine. Penina alimpenda kwa sababu hakuwahi kumfukuza mtoto aliyekuja kuchungulia.

"Shikamoo, dada Zuleha. Naomba unishushie kifurushi kinaitwa orca, nikiweke kwenye flashi. Mwalimu amenituma."

Zuleha alimwangalia kidogo, lakini dukani palikuwa na watu, akamshushia. Alhamisi asubuhi Penina alichomeka flashi. Mashine ilikataa. Ilisema haiwezi kumpokea huyo bila mwingine, na ikataja jina la huyo mwingine.

Jioni hiyo akarudi mjini tena, anahema. Zuleha alishusha hicho cha pili, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Na hiki kitakudai vingine. Mdogo wangu, hawa ni ukoo. Ukimchukua mmoja anakwambia siendi bila kaka yangu, na kaka naye ana shemeji yake. Utakimbia barabara hii mpaka likizo." Akamrudishia flashi. "Kompyuta ukiipa intaneti inajua yenyewe kuwaalika wote, na kila mmoja kwa zamu yake. Mwalimu Lukresia ninayemfahamu mimi hawezi kukutuma hivi. Yeye anajua unakuja hapa?"

Penina alitazama viatu vyake.

"Nenda kamwambie," Zuleha alisema kwa upole. "Mimi naweza kukushushia vipande mpaka kesho. Hicho kinachokusumbua hakiingii kwenye flashi."

Penina alirudi shuleni akiwa hana mbio tena. Alipofika karibu na chumba cha kompyuta alisikia watu wakiongea ndani. Walikuwa Metui na Mwalimu Lukresia.

"Mwalimu, nimeiharibu mimi," Metui alikuwa akisema. "Jumanne asubuhi nilibonyeza vitufe vingi pamoja ili Babu aongee haraka zaidi. Nadhani ndipo nilipomuua. Tafadhali mpigie mgeni, asije akapoteza safari. Nitaendelea kusubiri ofisini kama zamani."

Alisema hivyo wima, mikono nyuma, bila kulia na bila kumsingizia mtu. Alikuwa tayari kupoteza kitu alichokitaka kuliko vyote, kwa kosa ambalo hakulifanya. Penina aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, na aibu hiyo ikamsukuma hadi ndani ya mlango.

"Si yeye, mwalimu," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, bango, nafasi, flashi, na uongo aliomwambia dada Zuleha. Alipomaliza alikuwa analia. Metui alikuwa amegeuza uso kuelekea kwenye sauti yake.

"Uliniambia labda ni spika," alisema. "Jana usiku sikulala, Penina. Nilikuwa nawaza nimeua sauti yangu mwenyewe. Na wewe ulikuwa unajua!"

"Nisamehe, Metui."

"Sijui. Subiri kwanza."

Mwalimu Lukresia hakupaza sauti, na Penina alitamani angepaza. Alivuta kiti akakaa. "Uliondoa nini hasa?"

"Vitegemezi viwili."

"Kwa nini uliona hivyo ndivyo vya kuondoa?"

"Kwa sababu... si ni wategemezi, mwalimu? Wanakula nafasi bila kuleta kitu. Nilidhani Babu Mafua atapata nafuu akiwatua."

Mwalimu alijipiga paji la uso taratibu. "Jamani! Neno lile nililisema mimi, kengele ikalia, nikawaacha muende nalo hivyohivyo. Penina, mtegemezi ni nani?"

"Anayemtegemea mwenzake."

"Haya. Sasa nikisema vitegemezi vya programu, ninataja vile ambavyo programu yenyewe inaviegemea. Ni kinyume kabisa cha ulivyoelewa. Babu Mafua hajui kutamka hata herufi moja. Yeye husoma tu kilichopo kwenye kioo. Kuna kifurushi kinachojua matamshi, na kingine kinachochukua sauti na kuipeleka kwenye spika. Hao ndio uliowafukuza, naye Babu akaondoka pamoja nao. Ukitoa mahindi na maharage kwenye makande utabaki na nini?"

"Maji ya chumvi," Penina alisema.

"Na ndiyo tuliyonayo hapa."

Metui alicheka kidogo kwa pua, bila kupenda. "Kwa hiyo mtegemezi alikuwa Babu mwenyewe. Mimi nilidhani jina hilo ni langu peke yangu. Kila mgeni akija kwetu humwuliza baba, 'Na huyu mtegemezi wako anaendeleaje?' Wanadhani siwasikii."

Mwalimu akasimama, akatoa simu yake, akaiwekea kifurushi cha intaneti na kuiunganisha na kompyuta. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na mtandao ukawa dhaifu. Akaipandisha simu juu kabisa ya dirisha, akaiegemeza kwenye rula.

"Kaa, Penina. Kazi utaifanya wewe. Lakini hutabonyeza kitu chochote kabla hujamsomea Metui kila mstari utakaotokea. Yeye akisema endelea, ndipo uendelee."

Kwanza waliondoa mabaki ya ile programu ya kuchorea ili kupata nafasi. Mashine iliandika vitakavyoondoka. Penina alisoma jina moja baada ya jingine kwa sauti inayokwaruza kwa kulia, na Metui alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hilo la tatu lina kazi gani?"

Wakaiuliza mashine. Lilikuwa la kuchorea pia.

"Endelea," Metui alisema.

Kisha Penina akaandika amri moja fupi: sudo apt install orca. Na hapo likatokea jambo ambalo alikuwa amelikimbiza barabarani kwa siku mbili. Mashine yenyewe ilihesabu ukoo mzima. Ilitaja kila kifurushi ambacho Babu Mafua anakihitaji, na kila ambacho hivyo vingine vinakihitaji, mpaka mwisho, bila kusahau hata kimoja. Ikauliza kama waendelee.

Penina alisoma yote. Yalikuwa mengi, na mengine yalimtoa ulimi jasho. Metui hakumharakisha.

"Mwalimu, nani aliyeifundisha kujua haya?" Penina aliuliza.

"Watu," Mwalimu Lukresia alisema, na uso wake ukang'aa kama kila alipoongea juu ya jambo hilo. "Kila kifurushi kina mtu aliyekaa akaandika kwa uaminifu: hiki kinamhitaji fulani. Wengi wanafanya kwa kujitolea. Hawaijui Karatu, hawamjui Metui. Mmoja wao angedanganya au kuona aibu kusema anachohitaji, mnyororo mzima ungekatika. Mimi huwa nawaza juu yao na kuwashukuru, ingawa sijui majina yao."

"Endelea," Metui alisema.

Vifurushi vikaanza kuingia. Mtandao ukakatika, ukarudi. Mwalimu akasogeza rula. Mtandao ukakatika tena, na mashine haikukasirika wala kuanza upya. Ilisubiri, ikaendelea pale ilipoishia. Mwishowe mistari ikatulia. Mwalimu akamwambia Penina ampishe Metui kiti.

Metui alikaa. Alinyoosha vidole, akasita kidogo, kisha akaandika neno moja.

"Nigombe," alisema Babu Mafua kwa puani.

Metui alipiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka akainama. Mwalimu Lukresia alicheka huku akifuta macho kwa upande wa kanga. Penina hakucheka. Alishika kitambaa chake cha vumbi kwa mikono miwili akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Ijumaa Bwana Josephati alifika akiwa amevaa koti zito, maana Karatu ilikuwa na baridi. Mlangoni palikuwa na bango lililoandikwa kwa kalamu za rangi na kwa mkono wa Penina, herufi nyingine zikiwa zimelala upande. Mgeni alilisoma, akatabasamu, akaingia. Lakini alipokaa uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kuona hila iko wapi.

"Kijana, andika habari za kazi unayofanya nyumbani wakati wa likizo. Mtu asikusaidie."

Metui akaanza. Chumba kilikuwa kimya, isipokuwa vitufe na ule mlio wa haraka wa Babu Mafua. Katikati alikosea neno. Babu akalitamka, Metui akasimama, akarudi nyuma, akalisahihisha. Bwana Josephati alijisogeza mbele kwenye kiti. Alipomaliza, Metui alipunguza mwendo wa sauti ili watu wote wasikie, akamwamuru Babu asome.

"Jioni nigombe wakirudi, ndama wote hulia kwa pamoja. Wenye macho huchanganyikiwa kwa vumbi na giza. Mimi nawajua ndama wetu kwa sauti zao. Namwambia mama huyu ni wa nani, naye anamfungulia aende kunyonya kwa mama yake. Nikiwa shuleni, mama hupata taabu wakati wa kukamua. Nyumbani wananitegemea."

Bwana Josephati aliuliza maswali mengine mawili matatu, kisha akafunga mkoba wake. "Majaribio yajayo utayafanya humu, pamoja na wenzako," alisema. "Nitaandika hivyo." Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini huyo mzee mwambieni ajifunze kusema ng'ombe."

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Lukresia aliwabakiza Penina na Metui. Alimwomba Penina arudishe kikaratasi cha neno la siri, na Penina akakirudisha bila kunung'unika. Mwalimu akakichana, kisha akamnong'oneza Metui neno jipya sikioni.

"Sikilizeni," alisema. "Penina, kukosea kuelewa neno si kosa kubwa, na sehemu yake ni yangu. Kubonyeza 'ndiyo' bila kusoma ni kosa, kwa sababu mashine ilikuonya waziwazi. Lakini kosa lililoumiza mtu ni kunyamaza. Ungesema Jumatano, simu yangu ingemaliza kazi kabla ya kengele ya makande, na Metui angelala usingizi wake. Usiposema unachohitaji, hakuna anayeweza kukuletea. Kuanzia leo neno la siri ni la Metui. Macho ni ya Penina. Amri haitaandikwa katika chumba hiki mpaka mmoja asome na mwingine asikie."

"Na kufuta vumbi?" Penina aliuliza.

"Hilo ni lako mpaka umalize shule."

Metui alinyoosha mkono hewani, ukakutana na bega la Penina. "Nimeshasubiri vya kutosha," alisema. "Nimekusamehe."

Jioni ile nyumbani, Penina alikuwa akipepeta mbaazi uani, wadogo zake wakifunga mbuzi na kukusanya kuni, mama yake akiwa jikoni. Simu ya Mzee Adrian ikaita. Alisikiliza, akashusha ile pumzi yake ndefu.

"Ndugu yangu, ningependa kukusaidia, lakini nina wategemezi..."

Macho yake yakaangukia ungo mikononi mwa Penina. Yakaenda kwenye mbuzi, yakaenda kwenye mzigo wa kuni, yakarudi. Penina alimtazama tu, akaendelea kupepeta.

"...nina watu wengi hapa," Mzee Adrian alimalizia, polepole. "Ngoja niongee nao, tuone tunaweza kukuletea nini."